Matuta, panya buku na mawakala wasiolala

Nilikuwa kwetu Morogoro, mji kasoro bahari, siku nne tu, na nimerudi na habari ambayo mhariri wangu hawezi kuichapisha kwa sababu haina waziri ndani yake. Kwa hiyo naimwaga hapa.

Nilifikia kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anakaa Kihonda. Yeye alichukua kompyuta, mimi nikachukua historia, na miaka yote amekuwa akinicheka kwamba nimesomea mambo yaliyokwisha kutokea. Usiku wa kwanza nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta yake, mikono kifuani, hagusi hata kitufe kimoja, na kioo kimegawanyika vipande sita. Katika kila kipande maandishi yanateremka yenyewe. Nikamuuliza, kaka, unaangalia sinema? Akasema anafanya kazi. Au tuseme, anafanyiwa.

Hao ndio mawakala. Siyo wale wa M-Pesa wenye miavuli. Ni programu za akili mnemba, za ukoo wa Claude Code na Codex zilizotoka mwaka 2025, ambazo unazipa kazi kwa maneno ya kawaida nazo zinafungua mafaili, zinaandika programu, zinaijaribu, zinaona imegoma, zinarekebisha. Wakala mmoja ni msaidizi. Rafiki yangu ana sita, na hawasimamii kwa mdomo. Ameandika skripti inayowasimamia. Skripti inamwamsha wa kwanza aigawe kazi. Watatu wanapewa vipande, kila mmoja na nakala yake ya programu nzima ili wasikanyagane. Wa tano anaandika majaribio, wa sita anakagua. Jaribio likifeli, kazi inarudishwa kwa aliyeifanya. Likifeli mara tatu, skripti inasimama na kumtumia ujumbe kwenye simu. Yote yakipita, vipande vinaunganishwa. Yeye anakwenda kulala.

Skripti ya kupanga hatua za kazi si jambo jipya. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs kule Marekani alitengeneza Make, programu inayojua kipi kifanyike kabla ya kipi, na mpaka leo inatumika. Lakini hatua za Make hazina mawazo yake. Mawakala wanaamua njia. Ukimtuma mmoja Kilosa anaweza kupitia Mikumi, anaweza kupitia Dumila, na asikuambie.

Sasa sikilizeni kilichomkuta. Alikuwa anatengeneza mfumo wa kikundi kimoja cha wakulima wa viungo huko mlimani: karafuu, pilipili manga, mdalasini, iliki. Mkulima anapima mzigo, karani anaingiza kilo kwenye simu, mwisho wa msimu kila mtu analipwa kwa kilo zake. Mawakala walimaliza kwa usiku mbili. Majaribio yote kijani. Wiki ya kwanza ya kutumia, mzee mmoja akaja na daftari lake la mistari, lile la shule ya msingi lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwenye daftari ameandika 17.6. Kwenye mfumo ni 17.

Wakala mmoja alikuwa ameamua kwamba kilo ni namba nzima. Desimali ikawa inakatwa kimya kimya, kila mzigo. Na yule aliyeandika majaribio naye alijaribu kwa kilo 20, kilo 35, kilo 50, kwa hiyo yakapita. Mkaguzi akasoma kazi ya wenzake, akaona inafanana na majaribio, akapitisha. Mtu akipima mizigo 40 kwa msimu, anapoteza karibu kilo 20 za karafuu kavu bila kuibiwa na mtu yeyote. Rafiki yangu aliniambia hilo akiwa ameinamisha kichwa, maana kati ya wakulima wale kuna shangazi zake.

Mimi nikaanza kucheka, akakasirika. Nikamwambia sikucheki wewe. Nimekumbuka matuta.

Bibi yangu mzaa mama yuko upande wa Matombo, na kwa kuwa sisi Waluguru ukoo unafuata kwa mama, shamba lile ni la upande wake na yeye ndiye mwenye sauti. Mwaka 1955 alikuwa na miaka kama kumi. Ukitaka kumchafua siku nzima mtajie neno "matuta".

Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru mnamo mwaka 1950. Tuwe wakweli, hofu yao haikuwa ya kubuni. Milima ilikuwa inalimwa kwenye miteremko mikali, moto unawashwa kabla ya mvua, udongo unateremka mtoni. Na mto wenyewe ni Ruvu, ambao mpaka leo ndio unaonywesha Dar es Salaam. Wataalamu wakakaa, wakatoka na jibu: matuta ya ngazi, mlima mzima. Kila kaya ichimbe. Usichome moto. Usilime kando ya kijito. Usilime pale penye mteremko mkali. Amri zikapitishwa kwenye utawala wa wenyeji, kwa sultani na watu wake, halafu mabwana shamba wakatumwa kukagua. Asiyechimba anapelekwa barazani, anapigwa faini au anafungwa.

Ukiitazama vizuri ile ni skripti. Kazi imegawanywa, kila mmoja na kipande chake, mkaguzi yupo, adhabu ya kufeli ipo. Na ilikuwa inakaguliwa kweli! Lakini kilichokaguliwa ni kama tuta limechimbwa. Hakuna mahali katika mpango ule palipouliza kama mahindi yameota vizuri.

Udongo wa sehemu kubwa ya Uluguru wenye rutuba ni tabaka jembamba juu. Ukichimba ngazi pana unaugeuza: ule mzuri unafukiwa, wa chini usio na kitu unapanda juu. Bibi anasema mama yake alijua hilo kwa kushika udongo tu, na kina mama ndio waliokuwa wakilima sehemu kubwa, na ndio ambao mpango ule uliwauliza kidogo kuliko wote. Mavuno yakapungua. Mvua kubwa zikaja, maji yakajaa kwenye ngazi na baadhi ya kingo zikaporomoka. Kila mwaka maagizo yaliteremka mlimani, na kila mwaka taarifa zilishindwa kupanda.

Zilipanda kwa njia nyingine. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe Julai 1954. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, wakiwakabili maofisa wa serikali na sultani, wakisema hawataki matuta. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mwaka huo huo amri ya kulazimisha matuta ikafa. Wazungu wawili, Roland Young na Henry Fosbrooke, waliandika kitabu kizima juu ya mkasa huu kilichotoka mwaka 1960. Nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na nikajiona nimeyajua mambo ya kwetu kuliko bibi. Ujana huo.

Msije mkasema napiga vita matuta yenyewe, hapana. Nendeni Mgeta, upande wa pili wa mlima. Huko kuna ngazi mpaka leo, kuna maji ya mfereji, kuna kabichi na njegere zinazoshuka kwenda soko la Dar. Pale udongo, maji na bei vilikubaliana na ngazi, na watu wakazitunza bila askari. Agizo lile lile, mlima ule ule, majibu mawili. Skripti iliyoandikwa Morogoro mjini isingeweza kulijua hilo mpaka Matombo ijibu, nayo haikuachiwa nafasi ya kujibu.

Rafiki yangu akanisikiliza, halafu akaniuliza swali la kihandisi kama kawaida yake: sawa, sasa mfano wa iliyofaulu uko wapi? Maana kila mwanahistoria ana makaburi tu.

Bahati nzuri mfano uko huko huko Morogoro, chini ya mlima, Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya buku!

Wengi mnawajua kwa umaarufu wa Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, akaenda Kambodia kutafuta mabomu ya ardhini, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 na kufa Januari 2022 akiwa amegundua zaidi ya mabomu na milipuko 100. Shirika ni Apopo, wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, ambaye utotoni alikuwa akifuga panya nyumbani. Lilihamia SUA mwaka 2000, ambako tayari kulikuwa na watafiti wa panya, akiwamo Profesa Robert Machang'u. Mabomu ndiyo yanayopigwa picha. Mimi kinachonivutia ni kile chumba cha makohozi.

Kliniki zinapima kifua kikuu kwa hadubini, na wagonjwa wengine wanapita bila kuonekana. Sampuli zile zile zinaletwa kwa panya, baada ya kuchemshwa ili vijidudu vife. Zinapangwa kwenye mstari chini ya matundu ya kizimba. Panya anapita, ananusa, na akiikuta yenye harufu ya kifua kikuu anaganda hapo kwa kama sekunde tatu. Kwa maelezo ya Apopo panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo fundi wa maabara angeifanya kwa siku nne.

Sasa angalia ule utaratibu wenyewe. Panya hajui kifua kikuu ni nini. Anataka ndizi. Angeweza kuganda kila tundu ili apate ndizi, na hapo mfumo wote ungekuwa mchezo. Kwa hiyo katikati ya sampuli zisizojulikana wanachomeka nyingine ambazo jibu lake linajulikana tayari kwamba zina ugonjwa. Akizigundua hizo, analipwa. Akizipita, wanajua leo pua yake haifai. Sampuli moja haiamuliwi na panya mmoja, inapita kwa kadhaa. Na hata panya wakikubaliana wote, mgonjwa haambiwi kitu: sampuli inarudi maabara, inathibitishwa kwa njia nyingine kabisa, ndipo kliniki inapigiwa simu. Apopo wanasema kwa njia hiyo kliniki wanazoshirikiana nazo zimeongeza wagonjwa wanaogunduliwa kwa takriban asilimia 40. Hao ni watu waliokuwa wamerudishwa nyumbani wakaambukize watoto wao.

Rafiki yangu alikaa kimya muda mrefu kwa mtu anayeongea kama yeye. Kisha akasema, kwa hiyo mimi nilikuwa na panya sita wa mama mmoja wanaothibitishana.

Ndiyo. Wakala mwandishi, mjaribu na mkaguzi wote wanatoka kwenye modeli moja, wamesoma maagizo yale yale, na lile wazo kwamba kilo ni namba nzima lilikuwa ndani ya maagizo yenyewe kwa kuwa hayakusema kinyume. Wakikubaliana watatu ni kama mtu mmoja kakubaliana na kivuli chake. (Wahandisi wana dawa ya zamani inayofanana na ile ya panya: unapanda kosa kwa makusudi kwenye programu uone kama majaribio yatalinasa. Richard Lipton alilipendekeza mwaka 1971 akiwa bado mwanafunzi. Rafiki yangu alikuwa amelisoma. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Matombo. Wote tulifaulu mitihani.)

Usiku huo huo akaibadilisha skripti. Mkaguzi sasa anatoka kampuni tofauti na mwandishi, na haonyeshwi majaribio mpaka aseme kwanza yeye angejaribu nini. Kabla ya kila mzunguko skripti inachomeka makosa matatu ambayo jibu lake yeye analijua. Mkaguzi akishindwa kuyaona, kazi yote ya usiku inatupwa. Hilo lilimchukua saa mbili, na nusu ya muda huo alikuwa anawaagiza mawakala.

Kitu kimoja skripti ilishindwa kukizalisha: mizigo ya kweli yenye majibu ya kweli. Anaweza kuwaambia mawakala wabuni risiti elfu moja, lakini watabuni risiti nadhifu. Hawatabuni ile ambayo karani kaandika 8½, wala ile ambayo gunia lilipimwa mara mbili kwa sababu mvua ilinyesha katikati.

Ndiyo maana siku ya tatu nilipanda Matombo. Nikamkuta bibi anaanika karafuu kwenye mkeka. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, mbona umekonda. Nikamweleza shida yangu kwa njia ndefu: kwamba kuna mfumo, kwamba ulikosea, kwamba tunahitaji risiti za zamani tuuwekee mtego. Nilipofika mahali pa "kila mkulima anapangiwa namba" uso wake ukaanza kubadilika, nikaruka haraka nikamwambia siyo matuta, bibi, siyo matuta.

Aliingia ndani akatoka na bati la biskuti lenye kutu. Risiti za misimu kumi na zaidi, zimefungwa kwa uzi, nyingine wino umefifia. Alizihesabu mbele yangu moja moja, 63, akaandika 63 kwenye kipande cha karatasi, akanitaka nitie saini, akakibakiza yeye.