Wingu Juu ya Kirinyaga

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii yajulikana kila mahali Kiswahili kinaposemwa, lakini ina uzito wa pekee katika miji iuzungukayo Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki. Siku ya kianga, mlima huonekana wazi alfajiri, barafu yake ikimetameta. Jua likipanda, mawingu huanza kukusanyika, na mara nyingi kabla ya adhuhuri kilele kimekwisha fichwa. Mgeni afikaye Nyeri mchana aweza kukaa asijue kwamba mbele yake umesimama mlima wenye urefu wa mita 5,199.

Jambo hili lina sababu yake katika maumbile. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi huufikia mlima, hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa wingu. Ndiyo maana upande wa Embu na Chuka hupata mvua nyingi, na upande wa Nanyuki hupata kidogo. Lakini wanadamu hawakuyatazama mawingu hayo kwa jicho la elimu peke yake. Waliyatazama kwa jicho la imani pia, na habari za imani hiyo ni sehemu ya historia yetu.

Wakikuyu waliuita mlima Kirinyaga, na Wameru wakauita Kirimara. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, Jomo Kenyatta alieleza ya kuwa Ngai, aitwaye pia Mwene Nyaga, makao yake yako mbinguni, lakini mlima ni mahali pake pa kupumzika azurupo duniani. Ngurumo ilikuwa mlio wa viungo vyake anapojinyosha kama shujaa ajiwekaye tayari, na umeme ulikuwa silaha yake. Basi si kweli kwamba wazee waliabudu jiwe au barafu. Mlima ulikuwa alama, na wingu lilikuwa pazia.

Mvua ilipokawia, wazee walikwenda kwenye mti mtakatifu wa mugumo, pamoja na watoto wadogo na kondoo wa rangi moja, wakaomba wakiuelekea mlima. Kenyatta asimulia ya kuwa yeye mwenyewe alipata kushiriki katika ibada ya namna hiyo, na kabla moto wa sadaka haujazimika mvua kubwa ikawashukia, wakarudi nyumbani wameloa chapachapa.

Miaka ya 1898 na 1899 njaa kuu iliishika nchi ya Wakikuyu, hasa sehemu za kusini, na ndui ikafuata nyuma yake. Wakati huo huo wageni wenye Biblia walikuwa wakiingia. Wamisionari wa Scotland waliweka makao Thogoto mwaka 1898, na baadaye wakafungua kituo Tumutumu, karibu na Karatina. Tarehe 29 Juni 1902, mapadre wa Consolata waliotoka Turin, mji wa Italia ulio karibu na milima ya Alps, walisoma Misa yao ya kwanza huko Tuthu, katika nchi ya Murang'a. Mwaka uliofuata walifika Nyeri.

Walimu hao walipoanza kufasiri Maandiko iliwapasa kuchagua jina la Mungu, nao wakalichagua jina lile lile walilolikuta, Ngai. Jina hilo ni ndugu wa neno la Kimasai, Enkai, ambalo maana yake ni Mungu, na tena ni mvua. Agano Jipya la Kikuyu lilipotolewa mwaka 1926, jina lililonukia mvua liliingia pamoja nalo katika ibada ya Kikristo.

Kwa hiyo msikilizaji wa Tumutumu au Nyeri hakuona ugeni mkubwa aliposomewa habari za Sinai, jinsi Mungu alivyoushukia mlima katika wingu zito na ngurumo. Hakustaajabu kusikia ya kuwa Waisraeli waliongozwa jangwani na nguzo ya wingu, wala kwamba wingu liliwafunika wanafunzi Yesu alipogeuka sura mlimani, na wingu likampokea alipopaa. Katika habari hizi zote wingu hufanya kazi mbili pamoja: latangaza kwamba Mungu yupo, na tena lamficha. Mtu wa Nyeri aliyajua hayo tangu utoto wake, maana mlima uliofichwa mchana haukuwa umeondoka.

Hata hivyo mafundisho mapya yalikuwa na tofauti iliyo kubwa. Nabii Eliya alingoja juu ya Karmeli mpaka kikaonekana kiwingu mfano wa kiganja cha mtu, na mvua ikaja. Lakini Eliya huyo huyo, alipofika Horebu, hakumkuta Mungu katika upepo wala tetemeko wala moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Na Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wema na waovu pia. Neno hili ni zito kuliko lionekanavyo. Nchi ikaukapo, watu hutafuta mwenye kosa, na kidole huelekea upesi kwa mjane, au kwa mgeni, au kwa maskini. Ikiwa mvua haichagui shamba, basi ukame nao haumchagui mwenye dhambi, wala mwenye njaa hapaswi kuhukumiwa kwa njaa yake.

Lakini ilikuwapo hatari nyingine, nayo ilitambuliwa na binti wa Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940, akasomeshwa na masista wa Consolata. Alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye aliandika kwamba watu walipofundishwa kuwa Mungu hakai mlimani bali mbinguni, heshima ya mlima na miti ilipungua. Misitu ikafyekwa, na vijito vikakauka. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti iliyojulikana duniani kote. Mwaka 2004, habari ya kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ilimfikia akiwa safarini, naye akapanda mti huko Nyeri akiukabili mlima.

Hapa ndipo tunapopata fundisho letu. Anayeliabudu wingu ameishika alama akamwacha mwenyewe. Na anayelidharau huishia kuharibu msitu unaohifadhi maji ya mvua. Barafu ya Kirinyaga imepungua sana tangu wamisionari wa kwanza walipoiona, na kupungua kwake si kwa kosa la mjane yeyote.

Basi, msomaji, ukiwa Nyeri mawingu yakaufunika mlima, kumbuka kwamba wazee wa mugumo na wasomaji wa Sinai waliona jambo moja: kisichoonekana si lazima kiwe hakipo. Kisha litazame shamba la jirani yako, ambalo mvua ile ile italinyeshea.