West Point: Majina Yaliyochongwa na Majina Yaliyongoja

Kilomita zipatazo 80 kaskazini mwa jiji la New York, Mto Hudson unakata kona kali kati ya vilima vya mawe. Hapo, ng'ambo ya magharibi, ndipo kilipo Chuo cha Kijeshi cha Marekani, West Point. Kabla ya kuwa chuo palikuwa ngome. Jeshi la George Washington liliingia Januari 1778, katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, na jeshi la Marekani halijaondoka hapo hadi leo. Merikebu ya tanga ikifika kwenye kona ile ilikuwa lazima ipunguze mwendo, na Waingereza wangeutwaa mto huo wangeyatenga majimbo ya New England na mengine yaliyoasi.

Ukumbusho wa kwanza wa mahali hapa ni chuma. Aprili 1778 mnyororo mkubwa ulivutwa kutoka West Point hadi kisiwa cha Constitution, ukielea juu ya magogo. Kila majira ya baridi uliopolewa barafu isije ikaukata, na barafu ikiyeyuka ukarudishwa. Pete zake 13 zimehifadhiwa Trophy Point, uwanja wa juu unaotazama mto, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 50. Ukizitazama unaelewa mara moja jasho la watu waliozifua.

Mhandisi aliyepanga ngome ya West Point alikuwa Mpolandi, Tadeusz Kosciuszko. Chuo kilianzishwa Machi 16, 1802, Rais Thomas Jefferson alipotia saini sheria yake, na mwaka 1828 makadeti wenyewe wakachangishana kumjengea Kosciuszko mnara. Sanamu yake iliwekwa juu mwaka 1913, zawadi ya Wamarekani wenye asili ya Poland. Mwaka 2023 mafundi waliokuwa wakiukarabati walikuta sanduku la madini ya risasi msingini. Lilifunguliwa hadharani, likaonekana lina tope tu. Wataalamu walipolichambua tope hilo wakapata sarafu sita za kati ya mwaka 1795 na 1828, pamoja na medali ya Mfereji wa Erie.

Lakini urithi mzito zaidi wa Kosciuszko haukuwa sandukuni. Mwaka 1798, alipokuwa akiondoka Marekani, aliandika wosia na kuukabidhi kwa Jefferson: mali yake ya Marekani itumike kuwakomboa watumwa na kuwasomesha. Wosia huo haukutekelezwa. Jefferson aliukwepa, na mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mali iende kwa ndugu za marehemu. Mnara ukasimama, neno la mwenye mnara likaachwa.

West Point pana pia adhabu ya jiwe. Mwaka 1780 kamanda wa ngome, Benedict Arnold, alipanga njama ya kuikabidhi kwa Waingereza. Njama ikagunduliwa naye akatoroka. Ndani ya kanisa la zamani la makadeti kuna safu ya vibao vya majenerali wa vita vile vya uhuru. Kimoja kina cheo na mwaka wa kuzaliwa tu. Jina halipo. Kadeti anayesimama mbele yake anaelewa pasipo kuhubiriwa kwamba msaliti huondolewa jina.

Mnara mkubwa kuliko yote ni wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Eneo lake liliwekwa wakfu Juni 1864, vita vikiendelea, na ukazinduliwa mwaka 1897 kwa michango iliyotoka kwenye mishahara ya wanajeshi. Stanford White ndiye aliyeusanifu: nguzo ndefu ya granaiti iliyosuguliwa ikang'aa, na kileleni sanamu yenye mabawa iliyochongwa na Frederick MacMonnies. Unabeba majina 2,230, maofisa 188 na askari wa kawaida 2,042. Askari wa kawaida kuandikwa jina lake kamili mahali panapofunza maofisa halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo wanaotajwa ni wa jeshi la kudumu la serikali peke yao. Wahitimu wa West Point walipigana pande zote mbili. Robert E. Lee, mhitimu wa 1829 na mkuu wa chuo kuanzia 1852 hadi 1855, aliongoza jeshi la waasi waliotetea utumwa. Mwaka 1952, karibu karne moja baada ya vita, picha yake akiwa na sare ya waasi ilitundikwa maktabani, mtumwa akionekana nyuma akiongoza farasi wake. Iliondolewa baada ya tume ya Bunge kutoa mapendekezo yake mwaka 2022. Mwaka 2025 ukafuata uamuzi wa kuirudisha.

Sasa tia Wamarekani weusi upande wa pili wa mizani. Henry O. Flipper, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, alihitimu mwaka 1877, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo, baada ya miaka minne ya kutengwa na wenzake. Jeshi lilimfukuza mwaka 1882, na msamaha wa rais ulitoka mwaka 1999, yeye akiwa kaburini tangu zamani. Mwaka 1907 askari weusi wa kikosi cha farasi, maarufu kama Buffalo Soldiers, waliletwa kuwafundisha makadeti kupanda farasi. Walifunza vizazi vya majenerali hadi mwaka 1947. Sanamu yao ya shaba, askari aliye juu ya farasi, kazi ya Eddie Dixon, ilizinduliwa Septemba 2021. Ilikuwa imepita miaka 114 tangu walipofika.

Kwa hiyo asome tarehe anayetaka kuzielewa kumbukumbu za chuo hiki. Mwaka wa tukio hueleza aliyetenda, na mwaka wa uzinduzi hueleza waliomkumbuka, walichokithamini na walichokiogopa. Picha ya Lee ya mwaka 1952 inaieleza Marekani ya ubaguzi kuliko inavyomweleza Lee. Sanamu ya mwaka 2021 inasifu askari, na papo hapo inaushitaki ukimya wa karne nzima. Chuo kinachofundisha watu kuamuru wengine wafe hakiwezi kukwepa swali la nani hukumbukwa, kwa sababu makadeti wake hupita mbele ya mawe hayo kila siku, nao hujifunza hapo damu ya nani inahesabiwa.