Gesi Iliyofukizwa Naivasha

Kilimo cha maua kilishika kasi Naivasha, kaunti ya Nakuru, kuanzia miaka ya 1970. Kabla ya kupanda, baadhi ya mashamba yalifukiza udongo kwa methili bromidi chini ya karatasi za plastiki, ili kuua minyoo ya mizizi, kuvu na mbegu za magugu. Gesi hiyo karibu haina harufu. Mara nyingi ilichanganywa na kloropikrini, inayowasha macho, ili mfanyakazi ashtuke mapema.

Je, methili bromidi ilidhuru jeni? Bruce Ames wa Berkeley, California, alikuwa amebuni kipimo chepesi: bakteria wa Salmonella wasioweza kujitengenezea histidini hukutanishwa na kemikali, na wale wanaobadilika jeni huupata tena uwezo huo, wakaongezeka hadi kuhesabika kwa macho. Lakini methili bromidi huchemka kwenye nyuzi 4 hivi za selsiasi. Katika sahani ya kawaida ingetoroka, na kemikali ya hatari ingeonekana salama! Mwaka 1977 Vincent Simmon na wenzake, Marekani, waliziweka sahani ndani ya vyombo vya kioo vilivyozibwa. Bakteria wakabadilika.

Hata hivyo, kilichoiondoa methili bromidi mashambani ni madhara yake kwa tabaka la ozoni. Iliingizwa katika Mkataba wa Montreal, unaolinda tabaka hilo, mwaka 1992, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zikapewa hadi 2015. Wakulima wakageukia mvuke na kupanda kwenye pumisi, mawe mepesi ya volkano, badala ya udongo.

Afya ya mfanyakazi aliyeshika mpira wa gesi ilistahili uzito uleule uliopewa ozoni.