Kizingitini Haikuwa Mwisho wa Njia

Reli haijawahi kufika kisiwa cha Pate. Hata hivyo anayetaka kuona kituo kidogo cha abiria kinavyofanya kazi aende Kizingitini boti ya Lamu inapokaribia. Atakuta hamali wanaogombea magunia ya unga, vijana wa bodaboda wakiwa wameelekeza pikipiki zao baharini, mama anayemsubiri mwanawe wa shule, mgonjwa anayesubiri boti igeuke ampeleke hospitali, na mzee mmoja anayeulizwa na kila mtu chombo kimefika wapi. Ratiba ya ukutani hakuna. Ratiba ni maji kujaa na kupwa.

Kutoka Lamu mjini hadi Kizingitini, kaskazini mashariki mwa Pate, ni kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka, lakini hakuna chombo cha abiria kinachopita mstari huo. Njia inazunguka nyuma ya visiwa, na nimeisafiri nikiwa na swali moja: kwa nini boti inaishia Kizingitini? Wengi watajibu kwamba inaishia hapo kwa sababu ndio mwisho wa kisiwa. Jibu hilo halinitoshi.

Safari huanza kwa Mkanda, mlango mwembamba wenye mikoko huku na huku, unaotenga Manda na bara. Maji yakipwa, chini ni tope, na kwa vizazi vingi manahodha wamepanga safari zao kwa kuuvizia mlango huu. Ndiyo maana ukiuliza Lamu boti ya kesho inaondoka saa ngapi, jibu linaweza kuanza na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo, na hesabu hubadilika. Anayechelewa hupanda tope na kukaa hapo akitazamana na kaa mpaka bahari imhurumie.

Mkanda ukishapitwa, ghuba ya Manda inafunguka na upande wa bara yanaonekana magati ya bandari mpya. Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kwenda Isiolo, kisha Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Reli bado iko kwenye ramani. Katikati ya hayo wavuvi zaidi ya 4,000 walidai haki yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa uvuvi ulioharibiwa. Ndani ya boti ya Kizingitini, wachache hugeuza shingo kuyatazama magati hayo. Wengi wamesinzia.

Kituo cha kwanza ni Mtangawanda. Hapa hushuka abiria wa mji wa Pate, kwa sababu mji wenyewe umezungukwa na maji mafupi ambayo chombo kikubwa hakiyawezi. Inashangaza kidogo kwamba mji uliokuwa makao ya masultani wa ukoo wa Nabahani, uliotawala visiwa hivi na sehemu kubwa ya pwani, leo unafikiwa kwa kushukia pembeni. Kati ya kuta zake zilizobomoka watu hulima tumbaku. Shanga iko upande wa pili wa kisiwa, nje ya njia yetu, kwa hiyo naitaja tu: huko Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 wakakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8.

Siyu nayo haionekani vizuri ukiwa botini. Iko ndani ya hori, na ngome yake huonwa na aliyeamua kushuka. Mji huu wa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi ulimsumbua Sayyid Said wa Oman na Zanzibar kuliko mji wowote wa visiwa hivi. Kiongozi wake, Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona mtunzi wa utendi mashuhuri, alikataa kuinama, na Siyu haikusalimu amri moja kwa moja mpaka miaka ya 1860, wakati wa Sayyid Majid, baada ya Mataka na Sayyid Said kufa wote wawili.

Gharama ya vita hivyo inaonekana kituo kinachofuata, Faza, ambayo wenyeji huiita pia Rasini. Katikati ya miaka ya 1840 jemadari wa Sayyid Said, Amir Hamad, aliuawa akipigana na Siyu na Pate, na kaburi lake liko hapa. Lakini Faza ilishajua maafa makubwa zaidi. Mwaka 1587 Wareno walituma manowari kutoka Goa chini ya Martim Afonso de Melo kuwaadhibu waliompokea Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa ameipitia pwani hii muda mfupi kabla. Faza, ambayo wao waliiandika Ampaza, ilichomwa moto, watu wakauawa bila kujali umri, minazi ikakatwa, na kichwa cha mfalme wake kikapelekwa Goa kuonyeshwa. Mji ulijengwa tena. Karibu na maji bado lipo gofu la msikiti wa Kunjanja lenye kibla kilichochongwa kwa ustadi. Ni kitu ambacho abiria anaweza kukiona wakati mizigo ikishushwa, ilimradi maji yamejaa. Yakiwa yamepwa atakuwa anakunja suruali na kutembea topeni, viatu mkononi.

Kutoka Faza hadi Kizingitini ni mwendo mfupi, na abiria wengine huona bora kushuka na kumalizia kwa bodaboda.

Sasa swali langu. Tazama ramani bila mpaka wa nchi. Kaskazini ya Kizingitini kuna Ndau, Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, kisha visiwa vya Chula na Koyama hadi Kismayu. Huo wote ni mwambao wa Watikuu, yaani Wabajuni, na Kizingitini iko karibu na ncha yake ya kusini. Hao ndio walioshona mitepe, vyombo visivyo na msumari, mbao zikiunganishwa kwa kamba za kumbi, na tanga likiwa jamvi la mraba la miyaa. Mitepe ilibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine kwenda kusini hadi Zanzibar, na ilidumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa nahodha wa mtepe, mahali kama Kizingitini palikuwa pa kupita: pa kujaza maji ya kunywa, kungoja kaskazi itulie au kusi ianze, kuoa, na kuendelea.

Njia hiyo ilikatwa kidogo kidogo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliivuta biashara ya pwani yote kuelekea Mombasa, na Lamu ikabaki kando. Mwaka 1925 Uingereza ilikabidhi Jubaland kwa Italia, na mabinamu wa Kismayu wakaamka wakiwa nchi nyingine. Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwahamisha Wabajuni wengi wa vijiji vya bara, na baadhi yao wakaja kutafuta usalama visiwani. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, mashua zilikuja tena kutoka kaskazini, safari hii zimejaa wakimbizi. Kisha ukaja wakati wa Al-Shabaab, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa, jambo lililowaumiza wavuvi wa hapa kuliko hotuba yoyote iliyotolewa kuwahusu.

Kwa hiyo boti inaishia Kizingitini kwa sababu ya siasa za watu. Bahari yenyewe inaendelea.

Kazi ya kituo nayo imebadilika kufuata mkato huo. Zamani mizigo ilipita. Siku hizi inaingia au inatoka. Inaingia unga, sukari, saruji, petroli ya mashine za boti na barafu. Inatoka samaki na kamba wa miamba, ambao vijana huwafuata kwa kupiga mbizi. Kusi ikivuma kwa nguvu, bahari ya nje haiendeki, kamba hupungua, na deni dukani hukua. Ukitaka kujua hali ya uchumi wa Kizingitini mwezi fulani, hesabu masanduku ya samaki yanayopakiwa boti inaporudi Lamu.

Anayetaka kwenda kaskazini zaidi, Kiwayu au Kiunga, hukodi chombo au huomba nafasi juu ya mzigo wa mtu. Nimeisoma ile ramani ya LAPSSET mara nyingi. Reli yake inaondoka Lamu ikaipa bahari kisogo, na kuelekea mwambao wa Watikuu hakuna hata nukta. Mimi ningeanza na kitu cha bei nafuu zaidi: boti moja ya abiria, yenye maboya ya kutosha na nahodha anayelipwa mshahara, inayoondoka Kizingitini kila wiki kwenda Kiunga, iwe na abiria watano au hamsini.