Amri Mbili za Okinawa

Kila tarehe 23 Juni, kisiwani Okinawa, watu hukusanyika kwenye mnara wa Himeyuri, uliosimamishwa mwaka 1946 kando ya pango la Ihara. Machi 1945, wasichana 222 wa skuli mbili zilizokuwa na uwanja mmoja, pamoja na walimu 18, walipelekwa kuuguza majeruhi wa jeshi la Japani. Takriban miezi mitatu mabomu yakiwanyeshea, walikufa 19. Usiku wa 18 Juni wakaambiwa kikosi kimevunjwa, kila mtu ajiendee zake. Na nje hapakuwa na njia isiyopigwa mizinga. Siku chache zikateketeza zaidi ya 100. Waliitwa kwa amri, wakaachwa kwa amri. Anayeinama mbele ya pango lile huziombolezea zote mbili.