Professor Jay: kutoka hip hop hadi singeli

Tukipiga singeli ya Professor Jay, wapo wanaouliza kama ndiye yule wa hip hop. Ndiye.

Joseph Haule, kwa jina lake halisi, alijulikana akiwa na kundi la Hard Blasters, lililotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Huko alichana hip hop ngumu. Mwaka 2001, katika "Ndio Mzee", aliigiza mwanasiasa anayemwaga ahadi huku umati ukiitikia. Katika "Zali la Mentali" alisimulia kisa cha kijana maskini aliyependwa na mwanamke tajiri, na kiitikio akamwachia Juma Nature. Baadaye akaingia kwenye singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, kwa "Kazi Kazi" akiwa na Sholo Mwamba.

Je, aliitupa hip hop? Sisi tunaona kilichobadilika ni mdundo. Bado anasimulia kwa Kiswahili kinachoeleweka hata kwa mzee asiyejua hip hop ni nini.

Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Hapo "Ndio Mzee" ukawa wimbo wa kumpimia hata yeye mwenyewe.