Umeme wa Mazwi: nani anahesabu moshi wake?

Leo tuiweke siasa pembeni kidogo tuongee habari za nguzo, nyaya na transfoma. Najua utasema hiyo ni mada ya mafundi. Subiri kwanza. Sisi waandishi tukipelekwa kwenye uzinduzi wa mradi wa umeme huwa tunarudi na tarakimu mbili tu: kilovolti ngapi, fedha kiasi gani. Ya tatu hatuiulizi: vifaa hivi vimemwaga hewa ukaa kiasi gani, na vitaendelea kumwaga kiasi gani?

Ufipa swali hilo lina historia ndefu. Kabla ya ukoloni Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, marefu kumpita mtu. Ilungu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichopatikana humo kilihamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Kote huko moto ulikuwa wa mkaa wa miti. Kila jembe lilikuwa na miti yake iliyokatwa, na aliyelitumia aliweza kuona ilikokatwa.

Kazi ile ilififia majembe ya viwandani yalipoingia. Lakini ushahidi umebaki ardhini. Profesa Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu historia ya ufuaji chuma kusini magharibi mwa Tanzania, na wanaakiolojia kama yeye husoma mengi kwenye mavi ya chuma na vipande vya matanuru.

Sasa tuje kwenye umeme. Mnara wa umeme ni chuma. Transfoma ni kiini cha chuma, nyaya za shaba au aluminiamu, na mafuta. Kutengeneza tani moja ya chuma duniani humwaga kwa wastani karibu tani 2 za hewa ukaa. Tofauti na ilungu ni kwamba moshi huu unatoka kwenye nchi yenye kiwanda, na Mazwi kinafika chuma kisafi, kimepakwa rangi. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza: moshi wa kutengeneza na kusafirisha.

Hesabu ya pili ni umeme unaopotea njiani, na hapa wengi hushangaa. Transfoma iliyounganishwa hula umeme saa 24 hata kama mtaa mzima umelala. Tuseme inakula wati 150 tu. Kwa mwaka ni uniti 1,314. Kama umeme huo unatoka kwenye jenereta la dizeli, linalotoa takriban kilo 0.75 za hewa ukaa kwa uniti, hiyo ni karibu tani nzima kwa mwaka, na kwa miaka 30 karibu tani 30. Kama unatoka kwenye maporomoko ya maji, ni kidogo sana. Transfoma ni ileile na nguzo ni ileile, ila majibu mawili.

Ndiyo maana historia ya Sumbawanga ni somo zuri. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa nje ya gridi ya Taifa. Umeme uliletwa kutoka Zambia kwa njia ya kilovolti 66 kupitia Mbala, na majenereta ya dizeli yakawa ya kujazia. Umeme wa Zambia kwa sehemu kubwa ni wa maji: Kafue Gorge na Kariba. Kwa hiyo taa ya Mazwi ilikuwa safi kwa sababu ya mvua iliyonyesha ng'ambo ya mpaka. Lakini mvua haina mkataba. Mwaka 2016 Zambia ilianza kutumia mtambo wa makaa ya mawe wa Maamba wenye megawati 300, na mwaka 2024 ukame uliishusha Kariba hadi Wazambia wakaishi kwenye mgawo mkali. Nyaya za Mbala hazikubadilika hata moja, ila hesabu ya moshi wake ilibadilika.

Kisha ukaja mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, ili kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 455 mwaka 2018. Chuma chake ni kingi, kweli. Lakini fizikia inautetea: ukitoka kilovolti 66 kwenda 400 kwa kiasi kilekile cha umeme, mkondo unapungua mara 6, na upotevu kwenye waya wa aina ileile unapungua mara 36. Moshi wa kutengeneza minara unaweza kulipwa na umeme usiopotea, mradi njia yenyewe itumike sawasawa.

Hesabu ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwenye vituo vya kupoza umeme kuna vifaa vya kukata mkondo ambavyo kwa kawaida hujazwa gesi ya salfa heksafloridi, SF6. Haina rangi wala harufu. Kilo moja ikivuja, joto lake kwa dunia katika miaka 100 linazidi la kilo 23,000 za hewa ukaa. Ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 8,500 za dizeli! Itifaki ya Kyoto iliitaja gesi hii tangu 1997. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2024, umepiga marufuku vifaa vipya vya gesi za aina hii hadi kilovolti 24 kuanzia Januari 2026, isipokuwa kwa masharti maalumu. Soko likifungwa kule, vya aina ya zamani vitatafuta mnunuzi wapi?

Mavi ya chuma ya malungu bado yapo, mtafiti anaweza kuyahesabu leo. Gesi ikivuja haiachi chochote cha kuchimbua. Inajulikana tu kama kuna mtu aliyeandika: kifaa kilifika na kilo ngapi, kiliongezwa ngapi, mwaka gani. Daftari hilo linatakiwa kufunguliwa siku kifaa kinaposhushwa kwenye lori.

Kwa hiyo wanahabari wenzangu, na wadau wa Sumbawanga mlioko karibu na vituo hivyo, siku mkialikwa kwenye uzinduzi ulizeni maswali matatu. Transfoma hii inakula wati ngapi ikiwa haina mteja? Ndani ya vifaa hivi kuna gesi gani, kilo ngapi? Na daftari lake linatunzwa na nani? Mimi nimeshaanza kuuliza. Tuendelee kuulizana.